Nani Aliyedela?

Emachibini
Jumapili, 4 Machi 1979

Nomagugu mwanangu,

Nimekaa mlangoni na ile kalamu yako ya shule uliyoiacha. Wino unatoka kidogo kidogo kama maziwa ya ng'ombe mwenye hasira. Usinicheke. Mimi darasa langu ni la nne, na hilo la nne sikulimaliza. Barua hii nimeianza jana.

Kwanza, unakula? Zibuyile ananyonya vizuri? Mtoto wa miezi mitano hafungwi mablanketi kifuani wakati wa joto. Najua MaSithole ni mama mkwe wako na humwambii kitu. Akimfunga sana, ngoja atazame pembeni, ulegeze.

Sasa lililonifanya nitafute kalamu. MaNdwandwe wa ng'ambo ya mto alipita huko kwenu, akarudi na maneno. Anasema dada wa baba mkwe wako, huyo Hlekiwe, analalamika kuwa makoti wao, yaani mke mpya wa nyumba, ana macho makavu, anamtazama mtu usoni. Tazama chini, mwanangu. Mke aliyeolewa hata miaka miwili hajamaliza hatazamani na watu. Funika kichwa hata ukiwa peke yako jikoni.

Na lile jina. Nakuuliza tena kama nilivyokuuliza asubuhi ile ya harusi nikikufunga mkanda: maji kwa wakwe zako yanaitwaje? Hayaitwi amanzi. Baba mkwe wako ni Manzini, na makoti halitii kinywani jina la baba mkwe wala neno linalofanana nalo. Kwako wewe maji ni amandambi. Ya kunywa ni amandambi, ya mvua ni amandambi, ya kumwogeshea mtoto ni amandambi. Hata mtu akikukaba koo, jina lile lisitoke. Niahidi.

Nakuombea kila ninapoinama.

Mama yako,
MaMbatha


Kwa Xulu, Ntabeni
Jumatatu, 19 Machi 1979

Mama,

Barua hii naiandika mchana kweupe mbele yao, maana hapa hakuna mwingine anayejua kusoma. Shangazi Hlekiwe ameniuliza naandika nini. Nimemwambia naomba mbegu za maboga.

Mama, neno kudelela limetoka wapi? Najua maana yake, sote tunalijua, ni kukosa adabu, ni kumfanya mtu si kitu. Nakuuliza mzizi wake. Wiki hii nimeambiwa nadelela mpaka nimeacha kuhesabu. Nikitazama juu, nadelela. Nikitazama chini, nanuna, kwa hiyo nadelela. Nikinyamaza ni kiburi, nikijibu ni mdomo. Nataka kujua neno gani hilo linaloenea kila mahali kama moshi.

Nikueleze kilichotokea. Jumatatu iliyopita mzee, baba mkwe wangu, alianguka zizini. MaSithole na shangazi walikuwa msibani kwa kaka yake MaSithole, na mume wangu Mphikeleli, unajua, yuko mgodini hadi Desemba. Nilikuwa mimi na mtoto tu. Nilimkuta mzee amelala ubavu, mdomo umeenda upande mmoja, anataka kusema na sauti haitoki. Nilimwita jirani mwenye trekta, tukampakia, nikampeleka zahanati. Nesi ni mgeni, ametoka upande wa Basotho, hana hata mwezi hapa. Aliniuliza jina la mgonjwa, nikamwandikisha kama ulivyonifundisha. Gari la wagonjwa likamchukua kwenda hospitali kubwa ya mjini, iliyo karibu nawe zaidi kuliko nasi. Kitambulisho chake kilikuwa kwenye sanduku la MaSithole, na ufunguo anao yeye shingoni.

Ijumaa MaSithole na shangazi walikwenda hospitalini. Wakaambiwa mtu huyo hayupo. Hajapokelewa, hajafa, hayupo. Zahanati nako yule nesi amekwenda kwao likizo. Walirudi, na shangazi alipovua viatu akasema, "Huyu amemtupa kaka yangu kama mzigo wa kuni. Hakwenda naye hata hadi mjini. Anadelela huyu."

Ningekwendaje naye, Mama? Mtoto nilikuwa nimemwachia mke wa jirani, hajanyonya tangu alfajiri.

Kesho kutwa ukoo unakaa. Usiwe na wasiwasi. Nala vizuri.

Mwanao,
Nomagugu


Emachibini
Jumamosi, 24 Machi 1979

Nomagugu,

Mbegu za maboga nimezitia humu ndani, ili usiwe umesema uongo.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nililia. Mara ya pili nilikasirika na huyo Hlekiwe. Mara ya tatu kidole changu kiligota kwenye mstari mmoja: "nikamwandikisha kama ulivyonifundisha."

Mwanangu, ulimwambia nesi jina gani?

Nijibu upesi, neno moja tu. Lakini barua inachukua siku tano kuja na siku tano kwenda, na mimi siwezi kukaa siku kumi na jambo hili tumboni. Kama ni lile ninalofikiri, basi mkosaji ni mimi. Nitakwenda mwenyewe mjini nikimpata mtu wa kunikamulia ng'ombe.

Kuhusu neno uliloniuliza, najua lilikotoka. Nitakueleza siku nyingine. Si kila jambo mama anamwandikia mtoto.

Wao wakikuuliza, usijibizane nao. Usifunge mzigo wako hata wakikuonyesha njia.

Mama yako


Kwa Xulu, Ntabeni
Jumanne, 27 Machi 1979

Mama,

Barua yako bado haijafika, kama umeandika. Naandika tu ili nisiseme na ukuta.

Ukoo ulikaa. Nilikaa juu ya mkeka karibu na mlango, kichwa nimefunika, wakanizungumza kama sipo. Baba mdogo alisema pengine hospitali imekosea, twende tena tukaulize. Shangazi akamwambia hospitali ina vitabu, watu wenye vitabu hawakosei. MaSithole akasema mume wake ni kama amekufa, na yeye hana nguvu ya kwenda mara ya pili kuambiwa hayupo.

Nikainua mkono, nikaomba nitumwe mimi. Shangazi alicheka. "Huyo? Akatupotezee na wa pili?"

Wamekata shauri. Jumamosi hii, tarehe 31, nitarudishwa kwako. Nitakuja na mzee mmoja wa kusema kosa langu mbele ya watu wa kwetu, na nisirudi bila mbuzi wa kusafisha matusi niliyomtusi mzee. Wakisema mbuzi hatoshi, basi ndiyo imekwisha. Zibuyile anabaki. Wanasema yeye ni Xulu. Mama, bado ananyonya.

Mphikeleli ameandika. Sikuamini mwandiko ni wake. Anasema niwatii.

Asubuhi hii nimekunja mkeka wangu. Na nimefanya jambo moja ambalo sikulifanya tangu niolewe. Nilimtazama Hlekiwe machoni, nikaendelea kumtazama mpaka akageuka yeye. Nilisikia raha mbaya. Nikasema moyoni, kama nadelela, basi wacha nidelele hasa, waone inavyokuwa.

Sijibu tena salamu zao.

Nomagugu


Mjini, hospitalini
Alhamisi, 29 Machi 1979

Mwanangu, mwanangu,

Karatasi hii ni ya kuandikia vyakula vya wagonjwa, nimeiomba kwa nesi wa zamu. Kaka yake anaendesha gari la mikate na Jumamosi anafika duka la kwenu. Ameapa atazikabidhi barua hizi mwenyewe. Ziko mbili, hii yako na nyingine ya MaSithole.

Nimempata. Yu hai.

Nilifika saa tatu. Pale mapokezi niliuliza Manzini Xulu, msichana akafuata kitabu kwa kidole, akasema hayupo, bibi. Nikamwambia, sasa mwanangu nitafutie Mandambini Xulu. Akafungua ukurasa uleule. Akasema huyo yupo, kitanda cha kumi na nne, ameletwa tarehe 12, haongei, hana ndugu.

Ulimheshimu hata pale, Mama wangu wee. Mtu anaanguka, unaulizwa jina lake, na wewe unaona aibu kulitia kinywani, unalibadilisha kama tunavyobadilisha maji. Nesi wa kwetu angeelewa. Yule mgeni aliandika alichosikia.

Siku kumi na saba wanamwita Mandambini na yeye haitiki. Kwenye karatasi yake wameandika hasikii na akili imeyumba. Kesho Ijumaa alikuwa ahamishwe, apelekwe kwenye nyumba ya wazee wasio na watu, mbali, hata jina la huko sikulishika. Nilisimama kitandani nikamwita kwa jina lake lenyewe. Aligeuza kichwa upesi kama mtu aliyeitwa kula. Machozi yakatoka jicho moja, lile lililo zima. Hapo daktari alikuja mbio na karatasi yake.

Sasa lile neno. Nilisema nitakueleza siku nyingine. Sitaki ifike siku nyingine.

Nilipokuwa makoti kwa Ngema, baba wa baba yako aliitwa Langa. Basi jua, ilanga, halikuwa neno langu. Siku moja mvua imekatika nikasema tu, ilanga limetoka. Sikufikiri. Mama mkwe akaweka chini chungu, akasema nadelela. Wakanirudisha kwetu kwa miguu, tumbo la miezi saba, nikachukue mbuzi. Mbuzi kwetu alikuwepo. Mimi ndiye niliyekataa kurudi. Wewe hukuzaliwa kwa Ngema kama nilivyokuambia. Ulizaliwa kwetu, na baba yako alikuja kutuomba mara tatu ndipo nikainuka.

Bibi yangu ndiye aliyenifungulia neno lile. Alisema kudelela kumezaliwa na kudela. Na kudela ni nini? Ni kushiba. Umekula, umetosheka, unasukuma sahani, hutaki tena. Kisha linakwenda mbali zaidi: mtu aliyechoka kutumaini, akaacha, naye tunasema amedela. Kwa hiyo kumdelela mtu si kutamka jina lake. Si macho. Ni kumshiba. Ni kumsukuma kama sahani, kwamba na wewe nimemaliza. Bibi akaniambia, "Siku ile uliposema jua hukudelela. Umedelela sasa, unapokaa hapa na hutaki kurudi."

Nilimchukia mwaka mzima. Alikuwa na haki nusu. Nusu nyingine ya kosa ilikuwa yao.

Kwa hiyo usiondoke, Nomagugu. Wala usinune, usiwakazie macho. Kama umeanza kuwashiba, rudi nyuma. Usiwape neno lile liwe kweli.

Mzee ananywa uji. Nimemlisha mimi mwenyewe, nikageuza uso kwa adabu.

Mama yako, niko hapa mpaka waje


Mjini, hospitalini
Alhamisi, 29 Machi 1979

Kwa MaSithole, mama wa nyumba ya Xulu,

Nakusalimu nimepiga magoti. Mimi ni MaMbatha, mama wa makoti wako.

Nakuandikia habari ya mume wako Manzini. Mlipouliza Manzini mliambiwa hayupo, na hawakuwadanganya, maana kitabuni wameandika Mandambini. Mwanangu alishindwa kutaja jina hilo mbele ya nesi, akalibadilisha kwa heshima. Nesi hakuelewa. Manzini yu hai, yuko kitanda cha kumi na nne.

Kosa ni langu. Mimi ndiye niliyemfundisha kwa hofu mpaka akapitiliza. Kama kuna mbuzi, ni wangu wa kutoa, nami nitamleta kwa kamba yangu.

Njooni na kitambulisho.

MaMbatha


Kwa Xulu, Ntabeni
Jumapili, 22 Aprili 1979

Mama,

Najua ulisikia kwa MaSithole mwenyewe alipofika hospitalini, lakini yeye ni mtu wa maneno machache, kwa hiyo sikiliza ilivyokuwa hapa.

Jumamosi ile mzigo wangu ulikuwa kichwani. Mzee wa kunisindikiza alikuwa ameshavaa kofia. Zibuyile alikuwa mgongoni kwa shangazi, analia, na maziwa yalikuwa yameshalowesha blauzi yangu. Mtu wa mikate akaingia uani na bahasha mbili.

Yangu nilificha kifuani. Ya MaSithole, nani aisome? Wakatazamana. Shangazi akasema apelekewe mwalimu. Mwalimu anakaa ng'ambo ya kilima. MaSithole akaniambia, "Shusha mzigo. Soma."

Nikasoma. Nikafika "mume wako," halafu nikaliona jina. Limeandikwa kubwa, kwa mwandiko wako wa kukandamiza. Ulimi ukaganda. Shangazi akadakia, "Mbona unasimama? Anaficha kitu huyu." Nikasema, "Hapa pameandikwa mzee wetu." Nikaendelea. Mara jina tena. Nikasimama tena, nikasema mzee wetu. Mara ya tatu nilishindwa kabisa, maana nilikuwa nimeshaona mbele yake neno yu hai, na nilitaka kuwahi kulisema lakini jina lilikuwa limekaa njiani kama fahali. Nikaruka, nikasema, "Yu hai. Yuko kitanda cha kumi na nne."

MaSithole alikaa chini palepale kwenye vumbi. Baadaye akaniomba nirudie kusoma tangu mwanzo, na nilipofika penye jina aliinua mkono wake, kama kusema pita, naelewa. Kisha akamchukua Zibuyile mgongoni kwa shangazi, akanipa.

Mzee amerudi Jumanne. Anatembea na fimbo. Maneno yanatoka moja moja, unayasubiri. Jana ukoo ulikaa tena kumkaribisha, na shangazi akaleta lile jambo mbele yake, kwamba ni yeye atakayesema kama alitusiwa, kuitwa jina la ajabu siku kumi na saba mpaka watu wakadhani ni kiziwi. Akamuuliza, "Kaka, huyu hakukudelela?"

Mzee aliinua kichwa. Kisha akauliza yeye, "Nani aliyedela?"

Shangazi akamgeukia MaSithole.

"Mlikuja mara ngapi?"

"Mara moja, kaka."

Akanielekezea fimbo, mimi niliyekuwa mlangoni. "Huyu aliomba kuja?"

Baba mdogo akasema ndiyo, aliomba, tukamkatalia. Mzee akalaza fimbo magotini. Sisi wengine tulikaa tukitazama mkeka, na shangazi alikuwa amevuta shuka yake mpaka kidevuni. Halafu mzee akakohoa, na ni yeye Hlekiwe, dada yake wa tumbo moja, mtu ambaye maisha yake yote hana haja ya kubadilisha neno lolote, aliyegeuka kunitazama akasema polepole, "Makoti, mletee kaka yangu amandambi."

Nikaleta. Mikono yote miwili, macho chini. Safari hii sikutazama chini kwa kuogopa.

Mphikeleli ameandika tena. Sijamjibu. Nitamjibu, Mama, sijamshiba, lakini wacha angoje kidogo.

Mwanao,
Nomagugu


Emachibini
Jumapili, 29 Aprili 1979

Nomagugu wangu,

Mbuzi nilikuwa nimeshamfunga kamba. Nimemfungua. Amekwenda moja kwa moja kula shati la jirani.

Nakuungamia jambo na uichome karatasi hii. Mimi si mtu wa kuandika jina la mume wa mtu kwenye barua ya mke wake. Hata bila shule hilo nalijua. Lakini uliniambia huko anayesoma ni wewe peke yako. Nikajua ni wewe watakayekupa. Basi nikaliandika. Nikaliandika mara tatu, tena nikakandamiza kalamu, ili ufike pale usimame, na wakuone unavyosimama. Mimi ningewaapia mpaka kesho wasingeniamini.

Kisha nilipokabidhi bahasha nikaanza kujiuliza, na akiwa ameshachoka? Na akiwa ameshawashiba, akalisoma tu, lote, wazi, mara tatu, wayapate waliyokuwa wakiyataka? Siku mbili nilikaa kando ya kitanda cha mzee yule nikimlisha uji, na kijiko kinagonga meno yake, na yeye ananitazama kwa lile jicho zima asijue natetemekea nini.

Sikukwambia kuwa nakuamini kiasi hicho. Sasa nakwambia.

Maboga yameota?

Mama yako,
MaMbatha